Kuunda na Kuongoza Mtandao wa Kompyuta wa Jamii

Mtandao wa kompyuta wa jamii ni ule ambao wakazi wa mahali fulani wameujenga, wanaumiliki na kuuendesha wenyewe, bila kugawana faida. Kwa macho hautofautiani sana na mtandao wa kampuni. Mlingoti umesimama juu ya paa la shule, antena imeelekezwa kwenye kilima cha ng'ambo, ruta inawaka taa zake za kijani, na pembeni kuna betri na paneli ya sola. Tofauti iko katika daftari. Daftari la kampuni lina wenye hisa upande mmoja na wateja upande wa pili. Daftari la mtandao wa jamii lina wanachama tu, nao ndio wateja na ndio wenye mali. Ziada ikipatikana hurudi kwenye mitambo au hupunguza ada ya mwezi.

Mahali ambapo kampuni hazijaona faida ya kujenga, au ambapo bei ya bando inashindana na bei ya unga, wazo hili huvutia haraka. Maswali ya kwanza huwa ya vifaa: antena inafika kilomita ngapi, betri inadumu miaka mingapi, kasi yake ni kiasi gani. Ni maswali ya haki, na mafundi wanayo majibu yake. Hata hivyo, mitandao ya aina hii imekuwapo duniani tangu miaka ya 1980, na historia yake inaonyesha mtandao uliokuwa ukitumiwa na maelfu ya watu ukizimwa kwa siku moja kwa sababu swali jingine halikuulizwa mapema: mali hii ni ya nani, na nani ana kura juu yake? Somo la toleo hili linahusu swali hilo.

Cleveland na Ottawa

Mwaka 1984, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, Tom Grundner wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve aliunganisha kompyuta moja na laini moja ya simu. Mtu yeyote mwenye kompyuta na modemu, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, aliweza kupiga, kuandika swali la afya, na kusoma jibu la daktari katika muda wa saa 24. Jaribio hilo lilipokewa vizuri, na mwaka 1986 likazaa Cleveland Free-Net, mtandao wa bure wa mji mzima. Kurasa zake zilipangwa mithili ya mji: palikuwa na posta, mahakama, shule na hospitali, na mtumiaji aliingia "jengo" alilolitaka kwa kuchagua namba. Waliojibu maswali humo walijitolea. Miji mingine mingi, ndani na nje ya Marekani, ikaiga.

Mitambo ilikaa chuoni, na gharama zake kubwa zilikuwa juu ya chuo. Kwa miaka kadhaa hilo lilikuwa neema tupu, kwa kuwa hakuna mtumiaji aliyeulizwa ada. Lakini kisheria mtandao ulikuwa mradi wa chuo, na watumiaji walikuwa wageni ndani yake. Mwaka 1999 chuo kikaamua kuuzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba programu zake za zamani zisingevuka salama kuingia mwaka 2000. Ukazimwa mwishoni mwa Septemba. Shirika lililoundwa mwaka 1989 ili kuiunganisha mitandao ya namna hiyo nchini Marekani lilikuwa limekwisha kufilisika tangu 1996, kwa hiyo hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Chuo hakistahili kulaumiwa. Kilibeba mzigo wa mji kwa zaidi ya miaka 10, na mfadhili ana haki ya kuchoka. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la muundo: watu waliokuwa na haja ya mtandao hawakuwa na nafasi yoyote ya kuamua juu ya uhai wake.

Huko Ottawa, mji mkuu wa Kanada, mtandao wa National Capital FreeNet ulianzishwa mwaka 1992 na kufunguliwa kwa umma mwaka uliofuata. Nao ulianza kwa msaada wa chuo kikuu, ukatumia programu iliyotoka Cleveland, na kurasa zake zilifanana na zile za mwenzake. Tofauti moja ilikuwa katika karatasi za usajili. Mtandao wa Ottawa uliandikishwa kama shirika lisilo la faida lenye wanachama, na wanachama hao huichagua bodi ya wakurugenzi. Awali uliishi kwa michango ya hiari. Enzi ya kupiga simu kwa modemu ilipopita, shirika halikufa pamoja na teknolojia yake: lilihamia kwenye huduma ya intaneti ya kasi kwa ada, likaendelea kuwahudumia wanachama wake katika karne hii. Bodi yenye wajibu kwa wanachama ina sababu ya kutafuta njia ya pili pale njia ya kwanza inapofungwa. Msimamizi wa mradi wa taasisi hana sababu hiyo. Taasisi ina kazi zake nyingine.

Mankosi, Afrika Kusini

Mfano wa Marekani na Kanada ni wa miji yenye umeme na simu kila nyumba. Kwa mkazi wa kijijini, mfano wa Mankosi unamhusu zaidi.

Mankosi ni eneo la vijiji vilivyotawanyika juu ya vilima vya pwani ya jimbo la Eastern Cape, mbali na mji wa Mthatha. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na gharama ya kupiga simu na ya kuchaji simu ilimeza sehemu kubwa ya kipato kidogo cha familia. Kuanzia mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walifanya kazi na wakazi kujenga mtandao wa mawimbi kutoka nyumba hadi nyumba. Hawakuanza kwa kusimika milingoti. Walianza na wazee wa mila, na jamii yenyewe ikawatoa watu wa kuushughulikia. Watu hao wakaunda chama cha ushirika, kilichoandikishwa mwaka 2014 kwa jina la Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya "jifanyieni wenyewe". Msomaji wa Kiswahili ataitambua hiyo "-eni" ya mwisho bila mkalimani. Lugha zetu ni ndugu.

Mambo matatu katika mfano huu yanastahili kuangaliwa kwa makini.

La kwanza ni chanzo cha fedha. Mapato ya mwanzo ya ushirika hayakutokana na intaneti, bali na kuchaji simu. Mitambo ilitumia umeme wa jua, na umeme uliosalia baada ya mitambo kula sehemu yake uliuzwa kwa wenye simu. Kwa njia hiyo kila kituo kilikuwa na mtu anayekuja kila siku, na mwenye nyumba aliyekitunza alikuwa na sababu ya kufuta vumbi kwenye paneli. Wapangaji wa miradi hupenda kuanza na huduma kubwa. Mankosi walianza na ile ambayo watu walikuwa tayari wanailipia mahali pengine.

La pili ni sheria. Afrika Kusini, kama ilivyo katika nchi nyingi, hairuhusu mtu kuwauzia wengine mawasiliano bila leseni, na leseni za kampuni kubwa zina gharama ambazo kijiji hakiwezi kuzimudu. Ushirika haukufanya kazi kwa kujificha. Uliomba msamaha wa leseni kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ukaupata mwaka 2014. Kuanzia hapo ulikuwa mtoa huduma halali, mwenye uwezo wa kuandikiana mkataba na mtu yeyote.

La tatu, ambalo ni zito kuliko yote, ni namna walivyotenganisha mwenye mali na mlezi. Kazi fulani ziliushinda ushirika wa kijiji: kushughulika na mamlaka, kununua intaneti kwa jumla kutoka kwa wasambazaji wakubwa, kutatua hitilafu ngumu. Ingekuwa rahisi kuukabidhi mtandao kwa wataalamu wa chuo na kuwaacha wakazi wawe wateja wao. Badala yake iliundwa kampuni isiyo ya faida, pembeni ya ushirika, yenye kazi ya kusaidia tu. Mitambo ya kijijini na mapato yake vikabaki vya ushirika. Eneo jirani la Zithulele lilipotaka mtandao, halikuwekwa chini ya Mankosi. Liliunda ushirika wake, ukahudumiwa na mlezi yuleyule. Mlezi akiondoka kesho, kazi itakuwa ngumu, lakini hapatakuwa na siku ya mtu wa mbali kuuzima mtandao kwa uamuzi wake peke yake.

Kanuni ya Katalonia

Swali la umiliki lina jibu jingine, lisilo la ushirika mmoja wenye kila kitu. Jibu hilo lilitungwa vijijini katika Katalonia, kaskazini mashariki mwa Hispania. Mwaka 2004, katika eneo la Osona, Ramon Roca na wenzake walichoka kusubiri kampuni ambazo hazikuona sababu ya kufikisha intaneti kwenye mashamba yaliyotengana. Wakaanza kurushiana mawimbi kutoka paa hadi paa. Mtandao huo, guifi.net, leo una vituo zaidi ya 35,000, na tangu 2009 una pia nyaya za faiba.

Katika guifi.net, antena iliyo juu ya paa ni ya mwenye paa. Anayejiunga hukubali mkataba mmoja wa pamoja wenye masharti yanayoeleweka hata kwa asiye fundi. Kila mtu ana uhuru wa kuutumia mtandao kwa shughuli yoyote, mradi asiuharibu wala kuwazuia wengine. Kila mtu ana haki ya kujua umejengwaje na unafanyaje kazi. Kila mtu anaweza kuungana na kuupanua, na kipande anachoongeza kinakuwa chini ya masharti yaleyale. Mawasiliano ya jirani hupita katika antena ya mwenzake bila kuombwa ushuru njiani. Mkulima aliyezoea mfereji upitao katika mashamba ya watu wengi atalielewa hili: shamba ni la mtu, maji yapitayo ni ya wote.

Mwaka 2008 uliundwa wakfu usio wa faida wa kuulinda mkataba huo. Wakfu wenyewe si duka la vifurushi. Kampuni ndogo za mitaani ndizo zinazouza huduma kwa kutumia mtandao wa wote, na hapa ndipo penye hekima kubwa ya mpango mzima, kwa kuwa hapa pia ndipo ulafi ungeweza kuingia. Kampuni moja inaweza kujenga sana na nyingine ikavuna tu. Kwa hiyo huwekwa jedwali la fidia: gharama za kujenga na kutunza hujumlishwa kwa eneo, kisha kila kampuni hutozwa kwa kadiri ilivyoutumia mtandao na kurudishiwa kwa kadiri ilivyowekeza. Iliyotumia kuliko ilivyowekeza hulipa. Iliyowekeza kuliko ilivyotumia hulipwa. Faida ya mfanyabiashara haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kupata faida kwa kukaa mlangoni na kuwazuia wengine wasipite.

Kwa kata isiyo na chombo cha kusimamia mahesabu ya namna hiyo, ushirika wa mtindo wa Mankosi ni rahisi zaidi kuanza nao. Lakini sharti la kwamba kipande kinachoongezwa kiwe wazi kwa wote lafaa kuandikwa katika katiba yoyote, tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya betri

Mitandao mingi ya jamii huanza kwa ruzuku. Mfadhili ananunua mitambo, uzinduzi unafanyika, na ada inayopangwa ni ndogo kwa sababu gharama inayoonekana ni ndogo. Mfano wa hesabu ufuatao ni wa kubuni, ila uwiano wake unaweza kupimwa na kamati yoyote kwa bei halisi za mahali pake.

Ichukuliwe kata yenye wanachama 60, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 600,000. Intaneti inayonunuliwa kwa jumla ni 350,000. Posho ya fundi 90,000. Umeme, nauli na vocha za simu za kazi 60,000. Zinabaki 100,000, na kamati inajiona tajiri. Lakini betri zilizogharimu 1,200,000 zitadumu kama miaka mitatu, na antena pamoja na ruta za shilingi 3,000,000 zitadumu kama miaka mitano. Ili vinunuliwe vipya wakati wake ukifika, betri zinadai akiba ya 33,000 hivi kila mwezi, na vifaa vingine 50,000. Kumbe katika ile ziada ya 100,000, shilingi 83,000 si ziada. Ni deni la mtandao kwa nafsi yake. Kilichobaki kweli ni shilingi 17,000.

Sasa wanachama 10 waache kulipa, wengine kwa shida ya kweli, wengine kwa kuwa ni ndugu wa mwenyekiti. Mapato yanapungua 100,000, na gharama za mwezi bado zinalipika. Taa za ruta zinaendelea kuwaka na hakuna anayeona upungufu wowote. Akiba ya betri imekoma, na jambo hilo litaonekana tu mwaka wa tatu au wa nne, usiku mmoja mtandao utakapozimika saa mbili baada ya jua kuzama na zahanati ikakosa kutuma taarifa zake. Wakati huo kamati iliyosamehe ada itakuwa imekwisha kumaliza muda wake.

Ndiyo sababu akaunti ya uchakavu hutakiwa kuwa mbali na akaunti ya matumizi, ikiwa na watia saini wengine, na salio lake kubandikwa ubaoni kila robo mwaka. Uamuzi wa kumsamehe asiyejiweza ni mwema, na unaweza kufanywa, ila ufanywe na mkutano mkuu kwa kutaja ni fungu gani litakaloziba pengo. Usifanywe na mweka hazina kimya kimya.

Nguvu za mikono nazo ni fedha. Katika kaunti ya Lancashire nchini Uingereza, wakazi wa vijijini walioanzisha chama chao cha faiba mwaka 2011 walichimba mitaro katika mashamba yao wenyewe, na kazi ya kuchimba ikahesabiwa kwa mita na kuweza kugeuzwa hisa. Hapa nchini msaragambo ni jambo la kale. Kinachokosekana mara nyingi ni daftari lake. Aliyebeba nguzo au aliyetoa paa aandikwe, na thamani ya mchango wake ijulikane. Hata hivyo hisa nyingi zisilete kura nyingi. Katika chama hicho cha Lancashire mwenye hisa nyingi na mwenye chache wana kura mojamoja.

Zamu, kasi na adhabu

Intaneti inayofika katika kata ni kama maji ya mfereji: haitoshi wote kufungulia kwa pamoja. Megabiti 20 kwa sekunde zikigawanywa sawa kwa nyumba 60 zinazotumia kwa wakati mmoja, kila nyumba hupata theluthi moja ya megabiti, kiasi cha kusoma ujumbe na kurasa nyepesi tu. Filamu moja yenye picha safi hula kama megabiti tano. Nyumba nne zikitazama filamu saa mbili usiku, nyumba 56 zimebaki mikono mitupu, nazo zimelipa ada ileile.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza namna watu wanavyotunza mali ya pamoja: mifereji ya umwagiliaji ya Hispania, malisho ya milimani Uswisi, misitu na maji mahali pengi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alionyesha kwamba jamii zilizofanikiwa kwa muda mrefu hazikutegemea serikali peke yake wala soko peke yake. Zilijua ni nani aliye mwanachama na nani siye. Zilitunga kanuni zilizofaa mahali pao, na waliotawaliwa na kanuni hizo walishiriki kuzitunga. Walikuwapo wakaguzi waliowajibika kwa wanachama, adhabu ilipanda ngazi kwa ngazi, na palikuwa na mahali pa karibu pa kusuluhisha ugomvi. Wachaga wa Kilimanjaro, ambao kwa vizazi wamegawana maji ya mifereji kwa zamu, wasingeona jipya kubwa katika orodha hiyo. Wakazi wenye chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 pia wanajua jinsi kamati, ada na fundi wa bomba vinavyohusiana. Kata yenye chombo cha maji kinachoendeshwa vizuri ina walimu wa utawala wa mtandao tayari, na kata ambayo chombo chake cha maji kimekufa ingefanya vyema kujiuliza sababu kabla ya kununua antena.

Kwa mtandao, kanuni za zamu zinaweza kuwekwa ndani ya ruta yenyewe. Shule na zahanati zinaweza kupewa kipaumbele mchana. Kupakua mafaili makubwa kunaweza kuachiwa baada ya saa sita usiku. Kinachohitaji kura ni viwango, si namna ya kuvibonyeza. Fundi asiachiwe kuamua peke yake nani apunguziwe kasi, hata akiwa mwaminifu, kwa sababu siku atakapompunguzia hasimu wake hakuna atakayeamini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mwanachama anayekiuka aanze kwa kukumbushwa, kisha apunguziwe kasi kwa muda uliotajwa, kisha asimamishwe. Kila hatua iandikwe, naye awe na haki ya kukata rufaa kwa watu ambao si wale waliomhukumu.

Fundi ana mamlaka nyingine ambayo haisemwi sana. Anaweza kuona ni simu ipi imeingia kwenye mtandao, saa ngapi, na mara nyingi imetembelea wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na chama cha kijijini nacho kimo. Katiba itaje ni taarifa zipi zinatunzwa, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzifungua. Nywila za ruta na antena nazo ni mali ya chama. Ziandikwe, zifungwe katika bahasha mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mwenyekiti, na zibadilishwe kila fundi anapobadilika. Mtandao ambao nywila zake zimo kichwani mwa kijana mmoja ni mtandao wa kijana huyo, katiba iseme itakavyo.

Usajili hapa nchini

Kundi la wakazi linaweza kujisajili kwa njia zaidi ya moja. Chama cha ushirika husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, nacho kina faida ya kuwa na wanachama wenye hisa, mkutano mkuu na ukaguzi unaotambuliwa na sheria. Shirika lisilo la kiserikali ni jepesi zaidi kupokea ruzuku, ila katika mashirika mengi wenye kura ni waanzilishi wachache, na watumiaji wanarudi kuwa wageni kama wale wa Cleveland. Atakayechagua njia hiyo aandike katika katiba kwamba watumiaji wanaolipa ada ni wanachama wenye kura. Maelezo hupatikana kwa Afisa Ushirika wa Wilaya na kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Usajili wa chama si ruhusa ya kusambaza intaneti. Mawasiliano yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na anayetaka kuwauzia au kuwagawia wengine huduma hiyo anapaswa kuwa na leseni au kufanya kazi chini ya mtoa huduma mwenye leseni. Mamlaka iandikiwe barua kabla ya kununua kifaa chochote, kwa kuwa antena nazo zinatakiwa ziwe za aina iliyoidhinishwa na masafa yake yawe yanayoruhusiwa. Nchini Kenya, tangu 2021, ipo leseni maalumu kwa ajili ya mitandao ya jamii. Hapa Tanzania, Kondoa katika mkoa wa Dodoma imekuwa na mtandao wa jamii uliojengwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dodoma, na wanaotaka kuanza wanaweza kujifunza huko bila kuvuka mpaka.

Mkataba wa paa

Kitu kimoja kidogo huvunja mitandao iliyopangwa vizuri: paa. Mlingoti wenye antena inayozihudumia nyumba 20 umefungwa kwenye nyumba ya mtu, kwa sababu nyumba hiyo iko juu ya kilima. Mwenye nyumba alikubali kwa mdomo, akapewa huduma bure kama shukrani. Miaka miwili baadaye amefariki, na warithi wanataka kodi, au nyumba imeuzwa, au yeye mwenyewe amegombana na kamati na amechomoa waya.

Mkataba wa paa uandikwe kwa Kiswahili chepesi, usizidi ukurasa mmoja, na usomwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa. Utaje kwamba kifaa ni mali ya chama na paa ni mali ya mwenye nyumba. Utaje malipo au msamaha wa ada anaoupata, nani atagharimia bati likivuja, na ni saa zipi fundi anaweza kupanda. Utaje kwamba makubaliano yanawafunga warithi na mnunuzi kwa muda fulani, labda miezi sita, ili chama kipate nafasi ya kuhamisha mlingoti bila kuwakatia watu huduma. Mwenye nyumba naye apewe haki ya kusema basi, kwa taarifa ya miezi mitatu, pasipo kulazimika kutoa sababu. Nakala moja ibaki kwake, moja kwa katibu wa chama, na moja katika ofisi ya kijiji au ya mtaa, pamoja na mchoro unaoonyesha ni nyumba zipi zitakazobaki gizani mlingoti huo ukishushwa.